Kabla Hamjalifungua Kaburi la Suguti

Tabora, mwezi wa sita

Mdogo wangu Nyangeta,

Kabla sijakusalimu, naomba uketi. Angalia pia kama mama Bwire hayupo karibu nawe. Kama yupo, ikunje barua hii, uisome baadaye ukiwa peke yako.

Ndani ya kaburi la Suguti hayumo ndugu yetu Majura. Hajawahi kuwamo. Mlichokizika siku ile, mama yetu akilia na wewe ukimshika kiuno, ni shina la mgomba lililofungwa nguo ya marekani, na pembeni yake mawe ya reli ili jeneza liwe na uzito wa mtu. Nililipakia kwa mikono yangu. Ni miaka kumi na miwili sasa nimelificha jambo hili, na nisingelitoa hata leo kama usingeniandikia kwamba Bwire anataka kulifukua kaburi hilo pamba ikishavunwa.

Sasa nakusalimu, dada. Magoti yako yanasemaje? Uliniambia mvua za mwaka huu zimeharibu muhogo ila mtama umesimama vizuri, nikafurahi. Nilifurahi pia kusikia kwamba siku hizi mjini Musoma mtu ananunua sabuni bila kupanga foleni, tena anachagua rangi. Mimi sina mengi ya kujisifia. Miguu imevimba hadi viatu nimeviacha. Daktari amemwambia binti yangu maneno fulani nje ya mlango, akidhani sisikii. Masikio ndiyo kitu pekee kinachofanya kazi vizuri katika mwili huu. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika usishangae.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umesema Bwire sasa ni wakala wa kiwanda cha minofu, na shamba la kando ya ziwa anataka kulikodisha kwa watu watakaojenga ghala la barafu. Umesema hataki baba yake abaki chini ya magari ya samaki, anataka kumhamishia juu kwenye mji mpya, na amekwisha kuongea na mchungaji na kutengeneza sanduku dogo la mninga kwa ajili ya mifupa. Halafu ukaandika: "Kaka, tunakungoja wewe. Uliyemleta ndiye utakayeonyesha kichwa kilielekea wapi."

Niliposoma hapo, karatasi iliniponyoka.

Watachimba, Nyangeta. Mgomba umekwisha kuoza zamani. Watakuta vipande vya nguo na mawe meusi ambayo Suguti hayapo. Mama Bwire atakuwa amesimama pale na khanga yake, yeye ambaye umeniambia analifagia kaburi hilo kila Jumamosi na amekataa wanaume watatu wa ukoo waliotaka kumrithi. Sitaki ayaone mawe yale kabla ya kuusikia ukweli. Ndiyo sababu ya barua hii.

Nianzie mbali kidogo, maana nataka umkumbuke Majura kama nimkumbukavyo mimi. Alinifuata kwa miaka miwili, lakini shuleni tuliingia pamoja kwa kuwa alikataa kubaki na ng'ombe. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Ukerewe, siku moja aliandika ubaoni neno la Kiingereza, ritani, akataka kila mmoja wetu asimame atoe maana moja. Mimi nilisema ni kurudi nyumbani. Mwingine akasema ni kurudisha kitu ulichoazima. Mwingine, mtoto wa mwenye mashua, akasema ni safari ya pili ya chombo. Majura akasimama.

"Ni ng'ombe, mwalimu."

"Ng'ombe gani, wewe?"

"Wale wa mahari. Binti akimshinda mume, wanarudishwaga kwao mmoja mmoja. Baba yake binti analiaga kuliko binti mwenyewe."

Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka, halafu akamchapa viboko viwili kwa kosa la kumchekesha. Majura alirudi kwenye benchi akininong'oneza, "Vimenoga."

Nilipoajiriwa kwenye reli nikalikuta neno lile kila mahali. Kulikuwa na tiketi ya ritani, ya kwenda na kurudi. Kulikuwa na ritani za mwisho wa mwezi, karatasi ndefu za kueleza kila behewa limelala wapi. Kulikuwa na mabehewa matupu yanayorudishwa bandarini, na vifurushi ambavyo mwenyewe hakuonekana, tunavipiga mhuri virudi vilikotoka. Nililiandika neno hilo miaka thelathini na zaidi bila kuliogopa. Nilianza kuliogopa siku ndugu yangu aliponiuliza kwa Kiswahili tu kama nitarudi.

Unaukumbuka mwaka ule. Sukari kwa kadi, khanga moja inagombewa na ukoo mzima, wanawake wanafulia majani ya mpapai. Majura akawa anachukua furu na dagaa wakavu huko kwetu, anakuja nao hadi Tabora, anaendelea Kigoma, na kule anapata sabuni, betri na khanga zilizovuka ziwa. Alipokuwa akipita alilala kwangu. Nilimwonya. "Majura, mimi ni msaidizi wa stesheni masta. Nimebakiza miaka michache nistaafu." Alinijibu, "Kaka, nikikamatwa nitasema ni pepo ameniotesha hizi khanga."

Halafu ukaja msako wa walanguzi. Watu walitupa magunia ya sukari mtoni. Hapa Tabora mtu mmoja aliacha redio mpya katikati ya barabara akakimbia. Majura alikuwa Kigoma wakati huo. Siku kama kumi zikapita, nikapigiwa simu ya reli kutoka kituo kidogo cha huko njiani: kuna mgonjwa ameshushwa kwenye treni, anasema ni ndugu yako.

Nilikwenda na treni ya mizigo. Nilimkuta amelazwa kwenye jamvi chini ya kibanda cha kituo, macho mekundu, homa inamtetemesha hadi meno yanagongana. Kando yake kulikuwa na mafurushi mawili. Juu ya furushi moja alikaa mgambo.

"Huyu nani wako, mzee?" mgambo aliniuliza.

Majura alikuwa ananitazama. Alikuwa anasikia kila kitu.

"Mtu wa kwetu tu," nikasema. "Wa mkoa wetu. Simjui sana."

"Na mzigo huu?"

"Mzigo siujui kabisa."

Mgambo akacheka. "Basi mzigo ni yatima. Utalelewa na serikali." Akabeba mafurushi yote mawili akaondoka, na mgonjwa akatuachia, maana mgonjwa hana faida kwa mtu.

Tulimbeba mimi na fundi mmoja wa njia hadi zahanati ya misheni iliyokuwa jirani. Sista aliuliza jina. Nilikuwa bado naogopa, nikamwandikisha Masanja. Majura alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto kama kikombe cha chai.

"Kaka," akasema, "utarudi?"

"Kesho kutwa."

"Usiseme kesho kutwa kama unavyosemaga kwa abiria."

Hata katika homa ile alikuwa na utani. Nikamwambia kweli, kesho kutwa. Nikapanda treni, nikarudi Tabora.

Sikwenda kesho kutwa. Nilijiambia nitakwenda wiki inayofuata, msako ukipoa. Wiki iliyofuata wakamkamata karani mmoja wa stoo yetu, nikajiambia ile nyingine. Kila treni ya Kigoma ilipoingia nilijificha ofisini nisimwone gadi, msimamizi wa treni, nisije nikapewa ujumbe. Wiki ya tatu gadi akanifuata ndani mwenyewe. Alikuwa kijana wa Kiha, mchangamfu, hana habari ya lolote.

"Mzee Mafuru, yule mgonjwa uliyempeleka kwa masista."

"Ndiyo."

"Wamemzika juzi pale. Pole, kama mlikuwa mnafahamiana."

Nilisema, "Tulifahamiana kidogo." Nikaendelea kuandika. Sikumbuki niliandika nini.

Ilinibidi kuwaarifu. Nilipokwenda posta kuandika simu ya maandishi, nilisita kwenye neno moja. Kama ningeandika mahali alipofia, mngeuliza kwa nini alikuwa peke yake, na mimi nilikuwa wapi. Nikaandika: Majura amefariki Tabora. Neno hilo Tabora ndilo lililotuzalia haya yote. Maana ulipojibu wewe, Nyangeta, simu yako ilikuwa na maneno matatu. Mama anasema mrudishe.

Unajua kwetu. Mtu hawezi kulala ardhi ya ugenini wakati mama yake yuko hai na amesema mrudishe. Na mtu hawezi kufia mikononi mwa kaka yake, mwenye kazi ya reli, akakosa kurudishwa. Nilikaa na karatasi ile siku nzima. Kwenda kule kumfukua, na jina la Masanja, na mhuri wa serikali ukitakiwa, na mgambo yule akiwa bado anakaa pale kituoni, sikuweza. Ndipo nikamkumbuka baba mkubwa aliyechukuliwa na ziwa.

Wewe hukumwona. Mashua yake ilirudishwa na mawimbi bila yeye. Wazee walimtafuta ziwani siku nne, wakamwita yule aliyeshuhudia maji yakimfunika, akasema mbele ya wote. Baada ya hapo tu ndipo wakakata mgomba wenye urefu wake, wakaufunga nguo, wakauzika kama mtu, tukanyolewa. Tangu siku hiyo hakutafutwa tena, wala jina lake halikuitwa mlangoni wakati wa chakula. Kanuni ilikuwa hiyo: mgomba hauzikwi bila shahidi aliyeona kwa macho. Mimi sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa nimesikia neno la gadi. Na ule wa baba mkubwa ulizikwa hadharani, kila mtu akijua ni mgomba. Wangu niliuficha.

Nyuma ya nyumba zetu za reli, kwenye maji ya bafu, palikuwa na migomba michache. Nilikata mmoja mchana kweupe, nikamwambia jirani nataka kupanda mwingine. Marekani ya sanda niliipata kwa barua ya mjumbe, maana sanda nayo ilikuwa ya kuomba. Fundi wa karakana alitengeneza jeneza kwa mbao za behewa bovu, akanionea huruma, akaniachia nimlaze ndugu yangu mwenyewe. Mgomba ulikuwa mwepesi mno. Nikatoka na ndoo hadi kwenye njia ya reli, nikarudi na mawe.

Hadi Mwanza tulikwenda kwa treni. Meli ya Musoma haikuwa na mafuta, nikapata lori la kiwanda cha pamba linalokwenda Musoma kupitia Bunda. Nilikaa mbele na dereva. Kila tulipoingia shimo, mawe yaligonga mbao huko nyuma.

"Mzee," dereva akasema, "marehemu wako anagonga."

"Ni mbao."

"Mbao hazigongagi hivyo. Huyo anataka kushuka." Akacheka, akaniangalia, akaacha kucheka. "Samahani, mzee. Mimi nabebaga wengi. Bila utani nitashindwa kuendesha."

Dizeli ilituishia Bunda. Tulikaa siku mbili kando ya barabara, jeneza likiwa chini ya turubai, tukingoja mtu aliyeahidi debe moja. Watu wa Bunda ni watu wema, Nyangeta. Kina mama waliokuwa wakiuza viazi waliacha viazi vyao, wakaja wakakaa chini kulizunguka jeneza, wakaimba nyimbo za kanisa. Mmoja aliniletea uji. Aliuliza jina la marehemu ili amtaje katika sala, nikamtajia, akamwombea Majura kwa jina lake, ameweka mkono juu ya mgomba. Mpaka leo nikisikia wanawake wakiimba kanisani mchana, kule jirani, namwambia binti yangu afunge dirisha, na hajui kwa nini.

Ya Suguti unayajua, ila kuna jambo ulilikosa kwa kuwa ulikuwa jikoni. Mama mdogo wa Butiama alifika asubuhi ile kwa miguu kutoka barabara kubwa, na badala ya kulia kama wengine, aliweka kiganja kwenye kifuniko. Halafu akaniita pembeni.

"Mafuru. Mbona hanuki?"

"Wamempaka dawa hospitali, mama."

"Siku tisa?"

"Ni dawa kali."

"Basi fungua nimwone uso. Mimi ndiye niliyemnyonyesha utotoni dada yangu alipougua. Nina haki ya kumwona uso."

"Daktari amekataza."

"Daktari yuko hapa?"

Ndipo mama alipoita kutoka alipokuwa amekaa. Alisema, "Mwacheni mwanangu. Mafuru amemrudisha ndugu yake kutoka mbali hivyo, katika shida hii ya mafuta. Mafuru hawezi kunidanganya."

Tukazika. Mama aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na kila barua aliyokutuma uniandikie ilianza kwa kunishukuru.

Haya ndiyo yaliyomo kaburini, na ndivyo yalivyoingia humo. Mwambie Bwire asichimbe. Au achimbe, akitaka, lakini mama yake awe amekwisha kuambiwa na wewe, kwa maneno yako ya upole ambayo mimi sina. Usimpe barua hii aisome.

Nisalimie mchungaji na umwambie aniombee bila kuuliza sababu. Nisalimie mumeo, shemeji yangu, mwambie nilipata ile miwani aliyonitumia, ndiyo niliyovaa. Nisalimie wajukuu zako wote, na yule anayesoma sekondari mjini mwambie babu yake anataka barua ya Kiingereza isiyo na makosa. Ukifika Butiama, msalimie mama mdogo. Ana miaka mingi sasa na haoni, lakini mwambie Mafuru amekiri kwamba yeye mama alikuwa na haki ya kumwona uso. Nisalimie Bwire, mtoto wetu. Mama Bwire usimpe salamu zangu. Sina zinazomfaa.

Kaka yako,
Mafuru

Nyangeta,

Barua hii imekaa chini ya mto siku tatu. Binti yangu ameuliza mara mbili kama aipeleke posta, nikamwambia gundi ya bahasha ni mbaya. Gundi ni nzuri. Ni kwamba nimeandika kurasa zote hizo nikakuacha uamini Majura alikufa kwa masista. Nilidhani hiyo itatosha. Haitoshi.

Gadi alikosea. Aliyezikwa pale misheni alikuwa mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Siku ya tano tangu nirudi kazini kutoka Suguti, saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani nikingoja zamu ya mchana, mtu alisimama kwenye mlango wa nyumba yangu. Alikuwa ameshika fimbo, amekonda hadi nguo zinamning'inia. Nywele zangu zilikuwa bado hazijaota, nilikuwa nimenyolewa kwa ajili yake.

"Kaka," akasema, "ulisema kesho kutwa."

Aliingia mwenyewe, akachota maji, akanywa, akaniangalia kichwa. "Nani kafa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mgomba, mawe, Bunda, mama. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Mmenizika! Na watu walikuja?"

"Wengi."

"Mama mdogo wa Butiama?"

"Alikuja kwa miguu."

"Basi nilipendwa." Akafuta macho. "Haya, nipe tiketi nirudi. Watanikimbia kwanza, halafu watachinja. Na nyama nitakula mimi, marehemu."

Alikuwa anacheka, na mimi niliona wazee wa Suguti wamekaa wakinisubiri nieleze. Nilimwona mama. Niliona mhuri wa stesheni niliougonga kwenye karatasi ya kusafirisha maiti ambayo haikuwapo, na polisi wakiisoma. Niliona kazi yangu yote ya miaka mingi ikiishia gerezani kwa sababu ya shina la mgomba.

Nikamwambia hawezi kurudi. Nikamwambia wazee walikaa baada ya maziko ya baba mkubwa wakasema: mtu aliyezikiwa mgomba akivuka tena mlango wa nyumba yake, mtoto wake wa kiume anakufa badala yake.

"Nani kasema?"

"Wazee. Wote."

Alikaa kwenye kizingiti. Bwire alikuwa mtoto wake wa kiume pekee, darasa la sita. Treni ya mizigo ikaingia ikatoka.

"Bwire ni mzima?"

"Mzima."

"Basi," akasema.

Yuko Urambo. Amekuwa huko miaka yote hii, anajenga mabani ya kukaushia tumbaku, na watu wanamwita Mzee Masanja, kwa jina lile lile nililoliandikisha. Hakuoa tena. Anakuja kwangu mara mbili kwa mwaka na chupa ya asali, anakaa pale miguuni pa kitanda, na swali lake la kwanza ni moja kila mara: "Bwire hajaugua?" Nikimjibu hajaugua, anatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi. Nilipomwambia Pasaka hii kwamba kijana sasa ni wakala na ana gari, alitabasamu, akasema, "Unaona? Namlindaga kwa kukaa huku." Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaomba maji.

Sitaweza kumwambia, najua hivyo sasa. Mtumeni Bwire mwenyewe Urambo, aulizie kwenye soko la tumbaku. Majura atamwona amesimama mbele yake mzima, na bado atakataa kuondoka, atamuuliza kama wazee wametoa ruhusa.

Mwambieni Majura hakuna mzee aliyesema maneno yale. Wazee hawakukaa. Niliyatunga mimi, asubuhi ile, yeye akiwa bado anacheka.